Sifa Ameenda Kuni

Siku ya ine ya juma, mwezi wa kumi na moja, 1956. Mji wa Baraka, kando ya ziwa.

Mvua imenyesha tangu alfajiri, ikapumzika saa sita kama mfanyakazi wa kompani, kisha ikarudi kazini. Ziwa lina rangi ya maji ya kuoshea sufuria. Mimi ni mzima. Naandika hivyo kwa sababu kila aliyepita leo barazani aliniuliza, na kila mmoja nilimjibu hivyo. Sioni kwa nini wewe, karatasi, nikupe jibu la peke yako.

Mimi ni mzima. Riziki hataki kula.

Riziki ni binti yangu, ana miaka sita. Walikuwa wawili, yeye na Sifa, mapasa, wametoka tumbo moja asubuhi moja. Surua iliwaingia pamoja, kama walivyofanya kila kitu pamoja. Riziki, surua ilimwacha. Sifa hakurudi kutoka disipanseri kwa miguu yake. Nilimrudisha mimi mikononi, nimemfunika uso kwa kitenge cha mama yake, na njiani watu walinisalimu vizuri, wakidhani amelala.

Haya. Nimeandika.

Kwetu pasa mmoja akienda, hakuna kulia. Shangazi yangu, aliyenilea na ambaye sasa anatulea sote, hata tusipotaka, alisimama mlangoni siku ile na kutangaza sheria: "Hapana kulia hapa. Muntu akilia, ule mwenye kubakia atasikia, atafuata mwenzake. Na hapana kusema amekufa. Sifa ameenda kuni." Basi: ameenda kutafuta kuni, si zaidi. Walipozaliwa, bamama wa mtaa walikuja kunitukana kwa nyimbo, maana baba wa mapasa hutukanwa, ndiyo heshima yake. Waliimba juu ya miguu yangu, juu ya tumbo langu, na juu ya mambo ambayo sijui waliyaona wapi. Siku ya kumzika Sifa kule nyuma ya migomba waliimba zile zile, neno kwa neno, wakipiga makofi. Nilitakiwa nicheke. Nilicheka. Mtu aliyesikia kutoka ziwani angesema kuna arusi.

Kwa hiyo naandika. Shangazi alikataza kulia kwa mdomo na kwa macho. Juu ya penseli hakusema kitu.

Kusoma sikufundishwa na mtu. Mimi ni fundi wa kushona, nakaa na mashini yangu kwenye baraza la duka, na tajiri mwenye duka hunipa magazeti yake ya zamani nikatie vipimo vya nguo. Nilianza kusoma nilichokuwa nakata. Ndiyo maana habari zangu nyingi hazina mwisho: mwisho wake ulikuwa kwapa la mtu.

Tangu surua, kazi yangu ni mbili. Mke wangu akienda shamba la muhogo, namlaza Riziki kwenye mkeka kando ya mashini. Nashona, namwangalia, nashona. Nampa buyi, uji wetu, kwa kijiko. Shangazi huleta mabakuli mawili, sawasawa, maana mapasa hawapewi kimoja hata mmoja akiwa ameenda kuni. Riziki huangalia bakuli lake, huangalia la pili, halafu hufunga mdomo.

"Kula, mama."

"Tunangojea Sifa."

Yule munganga wa disipanseri aliniambia dawa imemaliza kazi yake, sasa iliyobaki ni chakula. Alisema hivyo kama mtu anayeniachia kitu chepesi. Bakuli la Sifa mwishowe hulila shangazi, kwa kuwa chakula hakitupwi. Katika nyumba yetu aliyenenepa ni yeye peke yake, na hilo pia haliruhusiwi kusemwa.

Jambo lingine niliandike kabla sijalisahau. Juma lote hili nimekuwa nagombana na mke wangu juu ya kuni. Chini ya paa kuna kuni kavu, nilizipanga mwenyewe kiangazi. Yeye huziacha pale, huenda uani, huchukua zile zilizolowa mvua, hupika nazo. Jiko letu linafuka kama mashua ya moto inayokuja kutoka Swima. Nilimwambia, "Mama Mapasa, kavu ziko hapa, kwa nini unajitesa?" Akasema, "Mi napenda hizi." Nikajiuliza ni mwanamke gani anayependa moshi. Anatoka jikoni macho mekundu, anapangusa na upande wa kitenge, anaketi, anakula. Kila siku.

Mimi najiita mtu wa kuangalia. Sikuona kitu.

Leo asubuhi nilikata nguo za Noeli. Ni kitambaa kimoja, cheupe chenye maua madogo mekundu, na nguo ni mbili. Shangazi alisema nikishona moja tu, ni mimi mwenyewe ninayemwita Riziki aende. Nilichukua metre nikampima akiwa amelala. Nilipima kifua, nikapima tena, nikifikiri metre imelowa. Nguo yake ya Pasaka ingemmeza sasa. Mtoto wa miaka sita anatakiwa aongezeke, fundi yeyote atakuambia hivyo. Wangu anapungua, kama mtu anayejipunguza ili apite mlango ambao mwenzake amepitia.

Sikumwambia mtu. Nilikata.

Nguo ya mtoto mimi huiachia pindo nene kule chini. Mwaka ukipita unafungua uzi, unashusha, mtoto anaingia tena. Mzazi anafurahi, anasema fundi huyu ana akili. Ya Riziki niliikunja pindo nene, nikaishona. Nikachukua ya Sifa, nikakunja, mguu wangu ukakataa kukanyaga mashini.

Pindo la nini?

Ndipo Mama Faida akapita na beseni lake la ndagala kichwani. Mwanamke huyu akiuza samaki, soko lote linajua bei, tabia ya mume wake na ndoto aliyoota.

"Baba Mapasa! Ile mashini imekufa?" Halafu akajishika mdomo, beseni likayumba. "Imelala. Minasema imelala."

"Imelala," nikamwambia. "Inaota."

"Na we unaangalia iyo nguo kama muntu anaangalia nyoka."

"Mama Faida, mi nikuulize. Hii niiachie pindo, nisiiachie?"

Akaangalia nguo iliyokwisha, akaangalia ile iliyokuwa mkononi mwangu. Alishusha beseni, akainama, akachagua ndagala muda mrefu, kana kwamba kuna ndagala mmoja mwenye sura nzuri kuliko wengine. "Mapasa ni sawasawa," akasema bila kuinua kichwa. "Fanya sawasawa tu, baba." Akanipa fungu moja, akanipa na la pili. "Hii ya Riziki. Na hii ya mwenzake." Hakutaka hata senti, akaondoka kimya. Mama Faida, kimya! Watu wawili barazani waligeuka kumwangalia kama amepatwa na homa.

Nilipeleka ndagala kwa shangazi nyuma ya nyumba. Shangazi alinieleza kwa urefu kwamba ni wadogo. Niliporudi barazani, mkeka ulikuwa mtupu.

Na nguo ya Sifa haikuwepo juu ya mashini.

Mtoto akipotea Baraka, watu wote hukimbilia ziwani. Nilikimbia nao. Mama Faida alikuwa ameingia maji hadi magoti, analiita jina la Riziki kwa sauti ambayo ilipaswa kufika ng'ambo. Wavuvi walisukuma mtumbwi. Mimi nilisimama ufukweni na makasi mkononi. Sijui nilitaka kuyakata maji wapi. Nililiangalia ziwa, likaniangalia. Nikawaza, shangazi, sheria yako tumeishika yote, hatukulia hata tone, na angalia sasa.

Shangazi alikuja polepole na fimbo yake. Hakutazama maji. Akaniuliza, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, ndogo:

"Kuni zinatoka wapi?"

Nikakimbia kuelekea milimani, bamama wanakokata kuni, kwa njia ya Fizi.

Mvua ilikuwa imerudi kazini. Kamyo moja ilipita ikaniogesha tope, dereva akanipigia honi, nikafikiria magurudumu yake na mtoto mwenye kimo cha magurudumu hayo. Mbele nikakutana na bamama wanateremka na mizigo ya kuni vichwani. Waliponiona walianza kucheka.

"Baba Mapasa, unaenda kupima nani kule juu? Metre iko mu shingo!"

"Muliona mutoto wangu?"

"Iko kule pa daraja. Amekaa. Anauliza kila muntu: Sifa iko nyuma?"

"Mukamujibu nini?"

Kicheko kikaisha. Yule wa mbele akarekebisha mzigo wake ambao haukuwa na shida. "Tungesema nini, baba?" akasema. "Tulimwambia ndiyo. Iko nyuma."

Wote walimwambia hivyo. Kila mama aliyepita pale, tangu wa kwanza hadi wa mwisho, aliinamisha kichwa chini ya mzigo wake na kumwambia mtoto wangu mgonjwa, kwenye mvua, kwamba dada yake yuko nyuma kidogo. Hakuna hata mmoja aliyekosea. Mimi mwenyewe ningesema hivyo. Mimi mwenyewe nimekuwa nikisema hivyo.

Nilimkuta ameketi kwenye gogo la daraja, amelowa hadi mifupa. Nguo ya Sifa ameikunja vizuri, ameificha tumboni chini ya ile aliyovaa, isilowe.

"Baba, umechelewa. Bamama bote bamepita."

"Twende nyumbani, Riziki."

"Banasema iko nyuma. Anatembea polepole, ule. Nguo yake ya zamani imepasuka, atasikia haya kuingia Baraka. Mi nilimuletea hii."

"Twende, mama. Mvua."

"Na nani atamusaidia kubeba?"

Mteja akiniambia suruali inambana, nina majibu mengi, na yote yanamfanya aone kosa ni la kiuno chake. Kwa Riziki hakuna kiuno cha kulaumu. Nilipiga magoti mbele yake kwenye tope. Nilifungua mdomo. Nilitaka kusema, naandika hapa kwamba nilitaka. "Riziki, Sifa..."

"Ameenda kuni," akamalizia, kama mwalimu anayemsaidia mwanafunzi mzito. Akanitazama usoni. Macho yake baada ya surua yamekuwa makubwa kuliko uso. "Usilie, baba. Shangazi atakutukana."

Anajua? Hajui? Mimi ni baba yake na sijui.

Nilimbeba mgongoni. Robota la kitambaa likilowa huwa zito. Yeye amelowa na hakuwa na uzito. Hatujafika mbali akanipiga bega. "Simama." Kulikuwa na kuni moja imeanguka njiani, imechomoka katika mzigo wa mmoja wa wale bamama, kijiti tu cha unene wa mkono wake.

"Ona," akasema. "Alichoka, ameiacha. Iko ya Sifa."

Nikainama, nikaiokota. Ningefanya nini? Nikaingia Baraka na mtoto mgongoni, metre shingoni, na kuni mkononi, mvua ikitumwagikia. Watu wa baraza zote walitoka kutazama, na hakuna aliyecheka.

Mke wangu alikuwa amerudi kutoka shamba. Alisimama nje, mvuani, mikono chini. Hakupiga kelele, maana kelele ya mama aliyepotelewa na mtoto iko karibu mno na ile nyingine iliyokatazwa. Alimchukua, akamvua, akamkausha, akamfunga kitenge kikavu, akamweka kwenye kizingiti cha jiko. Riziki alikuwa bado ananyoosha kidole.

"Pikeni na ile. Ni ya Sifa."

Shangazi aliiangalia kuni mkononi mwangu. Mwanamke huyu ana sheria kwa kila kitu: mapasa wakila, mapasa wakioga, mapasa wakikata kucha. Nilimwona anatafuta sheria ya hili, ndani kabisa, hadi kwa mama yake na mama wa mama yake. Hakuipata. Akaichukua kwa mikono miwili, kama mtu anavyopokea mtoto, akaingia jikoni, akaisukuma kwenye moto.

Haikuwaka. Ilifuka.

Mimi si mtu wa jikoni. Mwanaume akikaa jikoni kwetu, wenzake watamwimbia mwaka mzima. Leo niliingia, nikaketi chini kati ya shangazi na mke wangu. Moshi ulijaa hadi sikuiona sufuria. Shangazi alianza, machozi yakimteremka kwenye mikunjo ya uso kama maji yanayojua njia. Mke wangu akafuata, mabega yanatikisika, mkono unakoroga buyi bila kusimama. Halafu mimi. Hatukutazamana. Kulikuwa na sauti ya sufuria, na ya mvua juu ya nyasi za paa, na sauti nyingine ambazo sitaziandika.

"Moshi huu," shangazi akasema kwa hasira, akijipangusa. "Kuni mbichi."

"Mbichi kabisa," mke wangu akasema.

Hapo ndipo nilipoelewa juma zima la kuni. Yeye alikuwa amepata mlango kwenye ukuta wa sheria, akawa anaingia na kutoka kila siku mbele ya macho yangu. Na mimi, mtu wa kuangalia, nilikuwa namwonyesha zilizo kavu.

Riziki alikula. Niandike vizuri, nisijidanganye: alikula kidogo, kwa sababu buyi ilipikwa na kuni ya Sifa. Kisha akasukuma bakuli. "Iliyobaki ni yake. Anakuja na njaa." Leo shangazi hakuligusa. Bakuli bado liko pale kwenye kizingiti, linapoa.

Sasa ni jioni, mwanga unatosha kidogo tu kuona mstari wa penseli. Riziki amelala kwenye mkeka, anakohoa. Kikohozi hiki hakikuwepo jana. Nimemshika paji la uso, nikashika la kwangu, nikashika tena la kwake. Mtu hufanya hivi ili aonekane anafanya kitu. Metre yangu inaweza kupima chochote cha binadamu isipokuwa joto.

Kesho asubuhi nitamrudisha disipanseri, kwa njia ile ile. Nitambeba uso wazi, mvua isinyeshe au inyeshe, nimfunike mwili tu, ili kila atakayenisalimu aone macho yanafumbuliwa na kufumbwa. Munganga atasema chakula. Nitamwambia nini? Kwamba mtoto wangu atakula siku dada yake atakapofika, na dada yake yuko nyuma kidogo, muulize mama yeyote wa Baraka?

Nguo ya Sifa nimeimaliza. Nimeiachia pindo nene, sawasawa na ile nyingine. Nimezikunja pamoja. Usiniulize.

Na kabla giza halijaingia nilizitoa zile kuni kavu chini ya paa, zote, nilizozipanga mwenyewe kiangazi, nikaziweka uani, mvuani. Mke wangu alisimama mlangoni akanitazama tangu mwanzo hadi mwisho. Kisha akaja, akabeba mbili, akanisaidia.

Mtoto anakohoa ndani na wazazi wake wako nje wanalowesha kuni. Ndiyo akili iliyobaki katika nyumba hii. Lakini kesho patapikwa, na jiko litafuka, na sote watatu, shangazi naye, tutakuwa na ruhusa ya macho mekundu.